Nilikusanya saini 61 za kumtetea mchungaji kabla sijamsikia yule binti

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauweka hadharani kwa sababu wiki hii kwenye grupu la mtaa wetu limezuka tena lile lile. Kiongozi wa dini katajwa kwa jambo baya, na kabla jua halijazama watu wazima wenye heshima zao walikuwa wameshaanza kumtukana mama wa mtoto. Huyo wa sasa simtaji, suala lake liko kwenye vyombo husika. Nataka kusema la kwangu, maana miaka ya nyuma mimi ndiye niliyekuwa mstari wa mbele kutetea.

Niko Mwanza. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa watu kweli kweli. Mama yangu alipolazwa, alikuja wodini siku kumi na moja mfululizo, na kila siku amebeba chupa ya uji iliyoviringishwa kwenye kanga ya mkewe usije ukapoa. Mama alipofariki, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulipofika makaburini shimo lilikuwa limejaa maji na vijana wakawa wanatazamana. Yeye alivua viatu, akakunja suruali, akashuka na ndoo akaanza kuchota. Matope yalimfika magotini. Aliposimama kuhubiri, kola ya shati ilikuwa imeganda udongo.

Mtu huyo ndiye aliyetuhumiwa na binti wa kidato cha tatu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu.

Habari zilitoka Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeshachana karatasi mbili za katikati ya daftari na kuandika juu yake: "Sisi waumini tunamfahamu mtumishi wa Mungu kuwa ni mtu mwadilifu na mcha Mungu." Nikapita nyumba kwa nyumba. Hadi Jumapili baada ya ibada ya pili nilikuwa na saini 61. Bibi mmoja asiyejua kuandika tulimpaka wino wa kalamu kwenye dole gumba.

Katika siku hizo tatu sikumuuliza mtu yeyote binti anasema nini. Hata siku alizozitaja sikuzijua. Nilichojua ni kwamba "amemchafua mchungaji", basi. Mlitazame vizuri neno hilo, kuchafua. Ukishalitamka, aliyetuhumiwa anakuwa msafi aliyemwagiwa, na uchafu wote unabaki mikononi mwa aliyesema.

Nimefikiria sana nilikuwa nalinda nini. Kama ningekubali kwamba huenda binti anasema kweli, ningelazimika kurudi kwenye lile kaburi na kuitazama upya ile mikono iliyoshika ndoo. Ningelazimika kujiuliza dua aliyomwombea mama wodini ilikuwa dua ya nani. Ndoa yangu aliifungisha yeye. Mwanangu wa kwanza alibatizwa na yeye. Matofali ya lile kanisa nimeyachangia kwa mkopo wa VICOBA ambao mke wangu hakuujua mpaka ulipoisha. Vyote hivyo nilikuwa nimevifunga kwenye kamba moja, na kamba yenyewe ni yeye. Binti alipofungua mdomo, mimi nilisikia mtu anakata kamba. Kwa hiyo nilipigana kama mtu anayepigania vitu vyake, huku nikidhani napigania haki.

Ndiyo maana hoja za kumtetea mtumishi zinafanana sana popote uendapo. Zinatoka sehemu moja ya moyo.

Chukueni hoja ya matunda. "Angekuwa mwovu, Mungu angeibariki kazi hii?" Huko Mexico kulikuwa na padri, Marcial Maciel, aliyeanzisha shirika la Legionari wa Kristo mwaka 1941. Seminari zake zilijaa vijana wakati za wengine zinafungwa. Mwaka 1997 watu tisa waliokuwa wanafunzi wake walijitokeza kwa majina yao, watu wazima wenye kazi na familia, wakasema aliwadhalilisha kingono walipokuwa vijana. Walijibiwa kwa matunda: tazameni miito, tazameni shule, tazameni imani ya vijana hawa. Hata mwaka 2004 Papa Yohane Paulo wa Pili aliendelea kumsifu hadharani. Mwaka 2006 Vatikani ikamwondoa kwenye huduma ya hadharani ili aishi maisha ya sala na toba, akafa 2008, na shirika lake lenyewe likaja kukiri kwamba alikuwa na watoto na kwamba walionyanyaswa walisema kweli. Tangu wale wazee wajitokeze hadi kukiri huko ni zaidi ya miaka kumi ya kuitwa waongo.

Au hoja ya adui wa nje. Septemba 12, 2014, jengo la wageni la kanisa la mhubiri TB Joshua kule Lagos, Nigeria, lilianguka na kuua watu 116, wengi wao wakiwa wageni kutoka Afrika Kusini. Kanisa likatoa picha za kamera zinazoonesha ndege ikipita juu, na kwa muda mrefu mjadala ukawa ni ndege ile. Nakumbuka hata huku kwetu, ambako alikuwa na wafuasi wengi waliomfuata kwenye televisheni, watu walitumiana ile video. Mchunguzi wa vifo wa serikali mwaka 2015 alisema jengo liliporomoka kwa sababu ya udhaifu wa ujenzi wenyewe. Kuna watu mpaka leo ukiwagusia wanakuuliza, "Na ile ndege je?"

Nirudi kwetu. Wazee wa kanisa waliitisha kikao. Mimi niliandika muhtasari. Binti aliketishwa kwenye benchi peke yake, mama yake aliambiwa asubiri nje, na mbele yake walikaa wanaume saba, mimi wa nane na kalamu. Swali la kwanza aliloulizwa ni alikuwa amevaa nini siku hiyo. La pili, kwa nini hakupiga kelele. Alijibu la kwanza. La pili hakujibu, akawa anachezea uzi uliochomoza kwenye pindo la sketi ya shule, anauzungusha kidoleni mpaka kidole kinakuwa cheupe. Mimi nikaandika: "Alishindwa kujibu."

Kikao kiliamua mchungaji ahamishwe jimbo jingine "kwa ajili ya amani ya kanisa". Tulimwagia baraka na tukamchangia nauli ya lori la kubebea vyombo. Familia ya binti iliacha kuja ibadani. Baada ya miaka miwili zikatufikia habari kutoka huko alikohamia. Binti mwingine. Naye alikuwa kwenye kwaya.

Naomba michango yenu, hasa kwa waliowahi kuwa upande wangu. Wale waliokuwa upande wa binti tayari mnajua.

#2

Mkuu, pole kwa uliyopitia, ila nina mashaka na uzi wa namna hii. Maandiko yanasema wazi msiwaguse masihi wangu wala msiwadhuru manabii wangu. Daudi alipata nafasi ya kummaliza Sauli akakataa kunyoosha mkono juu ya mpakwa mafuta wa Bwana. Pia tusijifanye hatujui kwamba kuna watumishi wanaosingiziwa. Mtu ananyimwa cheo cha uzee wa kanisa, kesho anatunga kashfa. Nani atamrudishia mtumishi jina lake?

#3

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Kiislamu, niko Tanga. Ndugu mwanzisha uzi, usidhani ni kwenu tu. Kwetu mtoto akisema jambo kuhusu ustadhi wa madrasa, la kwanza anaambiwa "kumsema mwalimu ni kukosa adabu, elimu yako haitakuwa na baraka". Mtoto wa miaka tisa anatishwa kwa baraka!

Na hali tunayo hadithi inayojulikana, iko kwa Bukhari na Muslim. Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliiba, watu wakaona haya wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume, akamwombee. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema waliokuwa kabla yenu waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha na mnyonge akiiba walimwadhibu, na kwamba lau Fatima binti Muhammad angeiba, angemkata mkono. Amemtaja binti yake wa kumzaa. Sisi ustadhi wa mtaani tu tunashindwa kumuuliza.

Qur'ani nayo katika Suratun-Nisaa aya ya 135 inataka tusimamie uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nimejiuliza kwa nini aya ikaanza na nafsi. Uliyoyaandika kuhusu ile kamba yamenijibu.

#4 (mwanzisha uzi)

Wa alaykumu salaam mama yangu, ahsante sana. Hiyo hadithi nimeisoma mara tatu.

Mkuu #2, nakujibu kwa heshima, maana maneno yako ndiyo niliyoyatumia mimi nyumba kwa nyumba. Nilikuja kuisoma Zaburi ya 105 yote baadaye, na nilitamani ningeisoma mapema. Mstari wa 15 unawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa. Mungu anawakemea wafalme kwa ajili yao. Kwa hiyo mstari huo unamlinda mgeni asiye na nguvu dhidi ya mwenye enzi. Kwenye kile kikao chetu mgeni asiye na nguvu alikuwa nani?

Na Daudi, ndiyo, hakumuua Sauli. Lakini endelea na hiyo sura ya 24 ya Samweli wa Kwanza. Alitoka pangoni, akamwita Sauli kwa sauti, akamwinulia pindo la vazi alilomkata, akamwambia unaniwinda nami sikukukosea, Bwana na aamue kati yangu na wewe. Alimsema mpakwa mafuta hadharani, na ushahidi mkononi. Kukataa kumuua na kukataa kunyamaza viliishi ndani ya mtu mmoja.

Vivyo hivyo 1 Timotheo 5. Sisi tulimsomea mama wa binti mstari wa 19, kwamba shitaka juu ya mzee lisipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Mstari wa 20, unaosema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, hatukuufungua.

Kuhusu kusingiziwa, nakubali kabisa kwamba kupo. Mwaka 1993 Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago alituhumiwa kumdhalilisha mwanafunzi wa seminari zamani. Mwaka uliofuata aliyemtuhumu aliiondoa kesi, akasema kumbukumbu zake zilizoibuka akiwa kwenye usingizi wa kutibiwa (hypnosis) hazitegemeki. Huyo alikuwa mtu asiye na hatia. Tazama sasa alifanyaje wakati habari inawaka moto. Alikana, kisha akapeleka suala lake kwenye bodi ile ile aliyoiunda mwenyewe kuchunguza mapadri wengine. Hakutafuta mlango wa pembeni. Kesi ilipokwisha alimtafuta yule mtu, ambaye alikuwa mgonjwa sana, wakapatana na wakasali pamoja.

Kule Australia Kardinali George Pell alitiwa hatiani mwaka 2018, akakaa gerezani zaidi ya mwaka, na Aprili 2020 majaji wote saba wa mahakama ya juu wakaifuta hukumu. Mahakama ilifanya kazi yake hadi mwisho. Karatasi yangu ya saini 61 isingeweza kumsafisha mtu namna hiyo. Kama mchungaji wetu alikuwa hana hatia, mimi ndiye niliyemnyima nafasi ya kulithibitisha, kwa sababu tulimhamisha badala ya kumwacha achunguzwe.

#5

Nachangia kutoka Malindi. Huku kwetu hili si nadharia.

Watu wa nje huuliza, "Mlikuwa wapi wakati wa Shakahola?" Ni ule msitu ambako mhubiri Paul Mackenzie anadaiwa kuwaambia waumini wafunge kula hadi kufa. Alikamatwa mwaka 2017 kwa mambo ya kuwatoa watoto shule. 2019 kanisa lake la mjini likafungwa, yeye akaingia msituni na watu wakamfuata. Machi 2023 alishikwa tena baada ya vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Aprili ndipo makaburi yakaanza kufukuliwa. Miili ilipita 400, mingi ya watoto. Daktari wa serikali alisema njaa ndiyo iliyoua wengi, lakini kuna walionyongwa na waliozibwa pumzi. Mackenzie amekana mashtaka, kesi ni ya mahakama, mimi si hakimu.

Jambo ambalo halinitoki ni lile la Juni mwaka huo. Watu 65 waliokuwa wameokolewa walipelekwa mahakamani Shanzu kwa sababu walikuwa wanakataa kula kwenye kituo walichopelekwa. Chakula kiko mbele yao, wanakisukuma. Wamezika watu kule ndani, pengine watoto wao. Ukikubali kula uji ule, umekubali kwamba mtoto angeweza kula pia. Ni mzazi gani anaweza kulimeza hilo? Mwanzisha uzi ameita kamba. Wengine ile kamba imefungwa shingoni.

Kwa hiyo mimi siku hizi mtu akimtetea pasta wake kwa hasira, sibishani naye. Namuuliza polepole: umempa nini huyu mtu? Shamba? Mtoto? Miaka ishirini? Akianza kunijibu hilo, hasira inashuka kidogo.

#6

Mkuu, uzi mzito. Mimi ni mzee wa kanisa, na naogopa siku litakapotufika. Kwa vitendo mtu afanye nini? Tukimpeleka polisi moja kwa moja tutaambiwa tumeuza kanisa.

#7 (mwanzisha uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nitasema yale niliyojifunza kwa kukosea.

Likihusu mtoto au dhuluma ya mwili, msiite kikao cha wazee kabisa. Ninyi si wapelelezi. Kila swali mtakalomuuliza mtoto litaharibu ushahidi na litamwumiza mara ya pili. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ni simu ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na hata Kenya kwa ndugu yetu wa Malindi. Mpelekeni mtoto akiwa na mama yake au mtu anayemwamini yeye, asisindikizwe na mtu wa kamati. Mtaambiwa mmeuza kanisa, ndiyo. Sisi hatukuambiwa hivyo, na binti wa pili ndiye aliyelipa.

Mtumishi asimame pembeni na huduma wakati uchunguzi unaendelea, na mlitangaze hilo kwa maneno makavu kwamba si hukumu. Jumapili hiyo asipande madhabahuni. Hapa ndipo kanisa zima linaposhindwa. Akipanda akalia mbele ya watu, kesi imeisha pale pale. Yetu iliisha hivyo. Alisema tu "wanangu, niombeeni", sauti ikakatika, kinamama wakaangua kilio, na kwaya ikainua pambio bila kuambiwa. Yule binti alikuwa amekaa safu ya nne, kwenye nafasi yake ya siku zote, na sare yake ya kwaya. Wenzake waliimba wakiwa wamemzunguka kulia na kushoto. Sikumtazama. Nilikuwa nalia na mimi.

Mambo ya fedha ni mepesi zaidi, leteni mkaguzi wa nje asiyesali kwenu, hesabu zisomwe mbele ya waumini. Mtumishi safi hapungukiwi kitu.

Na wewe binafsi, mzee wangu, kabla hujafungua mdomo chukua karatasi uandike kila jema ambalo mtu huyo amekutendea. Andika yote, usimdhulumu. Kisha uiweke kando, maana hakuna hata moja kati ya hayo linalojibu kilichotokea siku ile kwa yule mtoto. Mimi ningeandika uji, kanga, ndoo na matope. Vyote ni kweli na nitamshukuru kwavyo mpaka naingia kaburini. Nilichukua miaka kukubali kwamba mikono iliyochota yale maji inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo.

#8

Kaka, samahani, swali moja tu. Ile karatasi ya saini iko wapi sasa? Na ulishawahi kwenda kwa hiyo familia?

#9 (mwanzisha uzi)

Karatasi iko kwenye faili la kanisa, pamoja na ule muhtasari wa kikao. Niliomba kwa barua jina langu lifutwe na yale maneno "alishindwa kujibu" yarekebishwe. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba jambo hilo limekwisha na nisifukue makaburi. Nimeandika barua ya pili, na safari hii nakala nimeipeleka kwa viongozi wa juu. Kati ya wale 61, wanne wamekubali kusaini na mimi. Yule bibi wa dole gumba ndiye wa kwanza. Alisema, "Mwanangu, ulinisomea vibaya ile karatasi."

Kwa familia nilikwenda. Mama yake anauza dagaa sokoni, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nanunua kwake, ananipimia, ananirudishia chenji, haniambii kitu. Siku hiyo nilimfuata nyumbani. Nilisema yote, bila kuongeza "lakini". Alinisikiliza huku anachambua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza aliniuliza, "Uliandika nini alipoulizwa kwa nini hakupiga kelele?" Nikamwambia. Akasimama, akaupeleka ungo ndani, akarudi mikono mitupu. Akasema binti yake siku ile alipiga kelele, na kwamba angewaambia, ila aliogopa tungemuuliza mbona hakuna aliyesikia.

Binti siku hizi anaishi mkoa mwingine. Sikuomba namba yake.